Fungu la Tano

Kesho yake walikuwa wapande vilima vya hifadhi, waende asubuhi na kurudi jioni. Bi Zaituni alichemsha viazi vitamu akavifunga kwa majani ya mgomba: fungu la mwanawe Hamadi, la mkewe Salha, mawili ya wajukuu wakubwa, na la tano lake. Tangu mvua ziishe alikuwa akipanda ngazi za soko kila alfajiri ili goti lizoee, bila kumwambia mtu.

"Mama, hili la nani?" Salha aliuliza, akipanga mkoba.

"Langu."

Hamadi akacheka. "Mama nawe. Ukituishia njiani tukubebe? Na huyu mdogo tumwachie nani?"

"Goti halinisumbui siku hizi."

"Basi vizuri, utaweza kumkimbiza."

Wajukuu wakacheka. Salha akalifungua lile fungu, akawaongezea wengine, kisha akamkabidhi mama mkwe mtoto.

Bi Zaituni alimweka mgongoni, akakaza kanga kama mtu anayekwenda mbali, akatoka uani. Ndani walikuwa wakibishania nani abebe maji. Yeye alisimama ameelekea vilima, akimbembeleza mtoto asiyelia.