Kofia Amejifungia Stoo

Kofia alikuwa amejifungia stoo tangu saa tisa na robo, na ufunguo wa pekee alikuwa nao yeye humo ndani.

Nahodha aliketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mlango. Hakugonga. Kugonga ni kosa la wanaoanza: mtu aliyejificha ukimgongea anazidi kujificha, na Nahodha alikuwa ameshaona mengi katika ukumbi ule wa vijana.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kipuuzi. Wawili waligombania zamu ya mpira wa meza, maneno yakapanda, kiatu kikaruka, kikamkuta Kofia aliyekuwa katikati yao. Hakulia wala hakutukana. Aliinama, akaokota kiatu, akatimua mbio. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa ukumbi ule ulikuwa stoo ya mipira.

Siku nyingine hilo lisingekuwa neno. Leo saa kumi na moja mkaguzi alikuwa anakuja kutoka chuo kinachofundisha ulezi wa vijana, kuamua kama cheti kitatoka au hakitoki. Msimamizi wa kituo, mama asiyependa maneno mengi, alikuwa amemweka Nahodha kando jana yake na kumpa hali ilivyo.

"Wa kwanza alidumu siku nne. Wa pili alikwenda chooni, hadi leo hajarudi. Huyu wa tatu naye akitushinda, hawatuletei mwingine, na ukumbi unafungwa. Nakutegemea wewe."

Nahodha aliupenda ukumbi ule, pamoja na harufu yake ya raba na paa lake linalovuja. Hakuwa na pengine pa kwenda jioni. Na kusema kweli, alikuwa ameshamzoea Kofia.

"Kofia," aliita taratibu. Kituoni hapakuwa na bwana wala bibi, kila mtu na jina lake la utani. Hiyo ndiyo amri iliyobandikwa ukutani juu ya zote.

"Sitoki."

"Sijakwambia utoke. Nimekaa tu."

Kimya kikapita. Nahodha alikiacha kipite. Kimya nacho ni kazi, ila wengi hukiharibu kwa maswali.

"Baba alisema sitamaliza wiki mbili," sauti ikatoka hatimaye. "Kaka zangu wote wana mambo ya maana. Mimi nashinda nikicheza mpira wa meza."

"Leo siku ya ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Basi vumilia hadi kesho, mzee aonekane muongo."

Kule ndani mtu alicheka kidogo kwa pua.

"Nilitaka kuwaamua," Kofia akasema. "Nikafungua mdomo, maneno yakagoma. Wote walikuwa wananitazama."

"Walikuwa wanatazama kiatu."

Mpira ulidondoka mahali humo stoo, ukadunda mara nne, ukatulia.

"Hiki kiatu ni kidogo," Kofia akasema. "Kimechanwa nyuma kwa wembe ili kisigino kiingie. Mwenyewe miguu itakuwa inamuuma tangu asubuhi. Hata mimi ningekirusha."

Nahodha akageuka, akautazama mlango kana kwamba ndio uliosema. Alimjua mwenye kiatu miezi minane, na hilo hakuwahi kuliona. Aliona wivu kidogo, kisha akafurahi.

"Kamwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba kiatu chake kibovu?"

"Usimwambie kitu. Muulize, halafu unyamaze. Na usimkalie mbele kama polisi. Kaa ubavuni."

"Akinifukuza?"

"Utarudi stoo. Mimi nitakuwa hapahapa."

Ufunguo ukazunguka. Kofia alitoka na macho mekundu na utando wa buibui begani. Nahodha alijinyoosha, akamfuta. Alimfuata kwa mbali hadi ukumbini, akajitia kupanga viti vilivyokuwa vimeshapangwa.

Mwenye kiatu alikuwa benchi la mwisho, mguu mmoja mtupu, mashavu yamemvimba kwa hasira. Kofia aliketi ubavuni mwake, akamwekea kiatu magotini.

"Kinakubana tangu lini?"

Halafu akanyamaza. Alinyamaza vizuri sana, hata Nahodha mwenyewe asingeweza. Dakika ikapita, na ya pili. Mwenye kiatu akaanza kusema, kwanza habari za kiatu, kisha habari za nyumbani. Yule aliyegombana naye akasogea, akasikiliza, akakaa. Hakuna aliyegundua kwamba mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni kwa robo saa nzima.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa miwani, uso wake hausomeki. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Nahodha alijibana vidole hadi vikafa ganzi. Hatimaye mkaguzi alifungua mkoba, akatoa muhuri, akaugonga kwenye karatasi mara moja tu.

"Hongera, mlezi," alimwambia Kofia, akampa mkono. "Umefuzu. Nani alikufundisha kunyamaza?"

Kofia akaonyesha upande wa viti. Mkaguzi akaenda, akachuchumaa hadi macho yao yakalingana, akamuuliza Nahodha yuko darasa la ngapi.