Ukurasa wa Tumbaku

Mokami alikiona kitabu kile kwenye mitumba, sokoni Mugumu, akafungua moja kwa moja ukurasa wa mwisho.

Utotoni yeye na kaka yake hawakuwahi kuufikia. Baba alichana kila kitabu kuanzia nyuma, akisokotea tumbaku. Basi hadithi za majini zilizokuwamo, kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, alizimalizia kwa mdomo, wakifukuza ndege kwenye mtama.

Katika masimulizi ya kaka yake, binti alitoka kuzimu amembeba mdogo wake mgongoni. Humu kitabuni alizinduka tu. Kumbe ilikuwa ndoto.

"Yaani ndiyo imeisha hivi?"

"Ndivyo alivyoandika, mama," muuzaji alisema.

Alikinunua. Nyumbani, kijijini Nyambureti, aliuchana ukurasa ule taratibu, akauweka kwenye kiganja cha mzee.

"Shikamoo, baba. Sokotea tumbaku."