Daftari la Mwalimu wa Pumzi

"Inueni mikono polepole, kama mtu aliyebeba yai," alisema Justina, mwalimu wa mazoezi. Wafanyakazi thelathini waliinua. Ebenezeri aliiacha yake ining'inie.

Tangu kiwanda cha mbao pale Njoro kiuzwe kwa tajiri mmoja, mwaka ule wa 1996, kila asubuhi kabla ya misumeno kuwashwa walipangwa uani, wafumbe macho, wavute pumzi, wayumbe kama migomba. Tajiri alisema mazoezi hayo ya Kihindi na Kichina yatawapa afya. Ebenezeri, mzee wa kanisa, aliyaita ibada ya masanamu. Lakini siri yake ilikuwa bega la kulia. Halikupanda tena tangu gogo limwangukie.

Justina alimsogelea. "Shikamoo, baba. Bega hili liliumia lini? Ulikuwa kwenye mashine ipi?"

"Fundisha upepo wako, uniache."

Ebenezeri alimwona binti huyo akimpa kisogo msimamizi, akiandika upesi kwenye daftari, kisha akilizika kikapuni chini ya kanga. Kesho yake Justina alimuuliza Eliufoo, aliyekatwa vidole viwili na msumeno. Akaandika tena.

"Anatuchongea," Ebenezeri aliwaambia wenzake wakati wa uji. "Watu wanapunguzwa kazini, na vilema ndio watakaotangulia. Binti wa Marangu, wa hapa hapa, anawauza baba zake."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeitikia salamu ya Justina. Mtu akamwaga matope kwenye mkeka wake. Justina aliukung'uta, akaendelea: vuteni, toeni.

Ijumaa, wote walipofumba macho, Ebenezeri alifumbua yake. Alinyata hadi kwenye kikapu, akachomoa daftari, akaenda kulitupa ndani ya tanuru la kukaushia mbao. Alisimama pale mpaka jalada likajikunja na kuwa jeusi. Ndipo akavuta pumzi ndefu, ikamshuka vizuri kuliko siku zote.

Aliporudi alimkuta Justina akipekua kikapu.

"Usijisumbue," alimwambia mbele ya wote. "Limeshakuwa majivu. Sasa kampelekee bwana wako majina yetu."

Justina aliutazama kwanza mlango wa ofisi, akahakikisha msimamizi hayupo karibu.

"Getini kuna wakili, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwita mimi, aje alichukue daftari lile, lenye ushahidi wa kila mtu aliyeumizwa na mashine hizi."