Ukitembea Nitajua

Kilomita ya kumi na mbili ya mbio, na kile kitu ndani ya mkoba wa Kipkemoi kilikuwa bado kinampiga mgongoni: chubwi, chubwi, chubwi. Alitamani kufungua aone. Lakini mke wake, Tecla, alikuwa ameifunga zipu kwa waya na kumpa amri mbili tu: usifungue, usitembee.

"Ukitembea nitajua," akaongeza.

Atajuaje? Njia ilikuwa imeacha Kapsoit nyuma na kuingia katikati ya majani chai. Huko hakuna shahidi.

Shida ya Kipkemoi ni kwamba alizaliwa katika kijiji ambacho kimetoa mabingwa watatu. Ukisema kwenu unakimbia, watu wanauliza umeleta medali gani. Yeye, na miaka yake arobaini na tisa, alikuwa ameleta fulana saba, na kuacha kucha mbili huko milimani.

"Kwa nini unajitesa hivi?" walimuuliza. Kwa daktari alisema ni afya. Kanisani alisema ni kuushinda mwili, wazee wakaitikia amina. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba alitaka, hata mara moja tu kabla hajafa, afike mwisho amkute Tecla akimngoja na mursik, yale maziwa ya kibuyu ambayo mabingwa hunyweshwa wakishuka kwa ndege. Miaka sita, mbio saba, na Tecla hajawahi kukanyaga. "Kuna ng'ombe," ndilo jibu lake.

Sasa wiki hii mambo yalikuwa moto. Kesho wakwe wanakuja kumposa binti yao, Chepkurui. Tecla aliteleza kwenye zizi, mkono wa kulia ukawa umefungwa shingoni na leso. Bibi harusi mwenyewe alikuwa Kericho tangu Jumatano, anasukwa. Ikabidi Tecla amwombe mumewe apasue kuni, atikise maziwa ya siagi ya kuwapaka wakwe vichwani kama ilivyo desturi, aazime viti kanisani.

"Mama Chepkurui, mimi niko mazoezini," Kipkemoi alimjibu. "Na tangu lini mwanamume akashinda jikoni?"

Akakaa chonjo, akijua radi zinakuja. Hazikuja. Asubuhi Tecla akasema kwa upole, jambo la kutisha, "Enda mbio zako, Baba Chepkurui. Nitakungoja Sosiot, pale mwisho."

Akampakia mkoba kwa ule mkono mzima. Masikini Kipkemoi nusura alie. Mlio wenyewe ulikuwa wa maziwa, hakuna ubishi. Ni mursik! Atanyweshwa mbele ya watu, na wale majirani wa medali watakoma.

Kilomita ya ishirini akafikiwa na Bosire, mchuma chai wa hapo karibu.

"Mzee, hiyo kitu inalia huko nyuma ni nini?"

"Mapenzi."

"Mapenzi ya kilo tatu?" Bosire akacheka mpaka akajikwaa.

"Wewe nawe unakimbilia nini?"

"Mama mkwe wangu alikuja kututembelea. Hii ni wiki ya nne." Akatoka mbio, akapotea msituni.

Kilomita ya thelathini na moja kuna kilima ambacho hata mbuzi hukizunguka. Kipkemoi akatazama nyuma, akatazama mbele. Kondoo wawili. Akatembea. Wee, utamu gani! Alitembea nusu saa nzima, mikono kiunoni, akiifurahia dhambi yake, na mgongoni kukawa kimya. Alipofika juu akaanza tena kukimbia, na mlio ukawa mzito kidogo, kama uji. Hakujali. Sosiot ilikuwa inaonekana.

Na Tecla alikuwepo! Kweli kabisa, mbele ya umati, na bakuli safi mkononi, akinyoosha shingo kumtafuta. Kipkemoi akahisi machozi. Alimaliza wa mia moja na nne, nyuma ya padri, lakini nani anahesabu? Watu wakapiga makofi. Akapiga magoti mbele ya mkewe, akafumba macho, akafungua kinywa.

Tecla alimvua mkoba. Akakata waya, akatoa mtungi, akaubana kwa magoti na kufungua kifuniko. Akachovya kidole, akakiinua juani. Maziwa yakachuruzika yote, yakaacha punje nne za siagi.

Kipkemoi akafumbua jicho moja.

"Ulitembea," Tecla alisema. Akafunga kifuniko, akamvalisha mkoba tena. "Nyumbani ni kilomita sita, na wakwe wanafika asubuhi. Kimbia."