Tangazo ndani ya Kompyuta ya Redio

Baada ya miezi ya kusugua kutu na kubadilisha nyaya, Gentille aliiwasha ile kompyuta kuukuu iliyoachwa na kituo kimoja cha redio mjini Baraka. Ikanguruma, kioo kikawaka. Mama yake alikuwa mlangoni akichambua mboga za lengalenga.

Gentille akafungua tangazo la kwanza kati ya yale ya sauti yaliyokuwa yamehifadhiwa humo.

“Niko natafuta mutoto wangu Gentille,” sauti ya mwanamke ilisema. “Tulipotezana ku Swima, wakati ya kukimbia vita. Iko na alama ya moto ku mukono ya kushoto.”

Sauti ile hakuwahi kuisikia maishani mwake.

Aliutazama mkono wake wa kushoto. Kovu lilipanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, laini, liking’aa kwa mwanga wa kioo.

Akageuka. Mama yake alikuwa amesimama, mboga zimemwagika miguuni.

“Zima iyo mashini,” alisema taratibu, “mutoto wangu.”