Siku Kumi za Mbwa wa Delphin

Kila asubuhi, hata uso hajanawa, Arlette alikwenda kuchungulia kama mbwa aliyemuuma mtoto wake bado yuko hai. Akimwona anapumua, alimshukuru Mungu na kurudi nyumbani kuwasha makaa.

Asiyejua habari angesema mama wa watu amerukwa na akili. Lakini ndivyo ilivyopangwa. Jemima, binti yake wa miaka sita, aliumwa begani mbele ya lango la Delphin, muuza mbao. Vijana walikwisha kuokota mawe, na aliyewazuia ni mama Agathe, muuguzi wa kituo cha afya. Aliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha akasema bila kuficha: chanjo ya kichaa cha mbwa imekwisha, ya karibu iko Uganda, ng'ambo ya ziwa. Na njia ya Kasenyi, kwenye bandari ya boti, wiki ile hakuna aliyeipita kwa kupenda. Magari mawili yalikuwa yamechomwa moto.

Basi mbwa afungwe, atazamwe siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, mtoto amepona. Akiugua au akifa, Arlette amchukue mtoto akapande boti, njia iwe mbaya isiwe mbaya.

"Siku ileile, mama Jemima," muuguzi alisema. "Usilale."

Ikabaki swali la nani wa kulaumiwa, na hapo ndipo avenyu nzima, mtaa wote, ilipopata kazi. Delphin alisema mzazi ndiye mwenye kuchunga mtoto wake. Ndugu za Arlette wakasema mwenye mbwa ndiye mwenye meno. Shefu wa avenyu aliwasikiliza mpaka kichwa kikamuuma, akaamua kosa litajadiliwa baada ya siku kumi. Lakini mbwa akae wapi? Kwa Delphin, atafichwa. Kwa akina Arlette, atauawa. Akamkabidhi mzee Paluku.

Hapo hakuna aliyebisha. Paluku alikuwa sentineli, mlinzi wa parokia, miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo hata kuku mmoja wa padri hakupotea. Habari hiyo alikuwa akikupa mwenyewe, uwe umemuuliza au hukumuuliza.

"Muzee, hii imbwa iko mukononi mwako," shefu alimwambia mbele ya watu wote. "Ikikufa, hatutauliza Delphin, hatutauliza mama ya mutoto. Weye njo utajibu."

Delphin akakatazwa kukanyaga kwa mzee mpaka siku zitimie.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Mbwa alilala nyuma ya jiko, mkia kati ya miguu, ugali umekauka mbele yake. Siku ya tatu alibweka kwa sauti iliyokwaruza, kama mtu mwenye kikohozi cha zamani.  Arlette alikunja nguo za Jemima akazitia kwenye mfuko, akaenda kuomba nafasi kwenye gari la Kasenyi na kwa mtu wa boti. Mzee Paluku alimtuliza kutoka upande wa pili wa ua, akamwomba asisogee karibu. Mbwa hana ugonjwa, alisema, anawaza kwao tu.

Siku ya nne mvua ilinyesha kutwa, hata nyuma ya jiko hapakuonekana.

Siku ya tano, jamani, mbwa alikuwa amesimama! Mkia unatikisika, ulimi unazunguka sufuria. Arlette alishika ua kwa mikono miwili akacheka peke yake. Alirudi nyumbani akazikunjua nguo za mtoto, na tangu siku hiyo akawa anakuja na mabaki ya samaki, anayatupa juu ya ua, mbwa anayadaka.

Siku ya kumi walijaa uani. Shefu alipopita kando ya ua, mzee Paluku alimvuta mkono upesi asikanyage lenga-lenga zake, mchicha uliokuwa ndiyo kwanza unachipua kwenye tuta dogo jipya. Mama Agathe alimkagua mbwa macho, mdomo, miguu, akatangaza kwamba hana kitu. Na Jemima, ambaye tangu kuumwa hata mbuzi akipita alijificha nyuma ya mama yake, alimwendea mbwa huyo moja kwa moja, akampa kipande cha ndazi kwenye kiganja. Mbwa akamlamba vidole. Watu wakacheka, wakasema watoto husahau upesi.

Arlette alilia bila haya. Alimpigia simu mtu wa boti, akamwambia asiwangoje tena. Shefu akamsifu mzee Paluku mbele ya wote, mtu asiyepoteza kitu, na safari hii mzee hakutaja kuku wa padri. Alitazama chini. Wakaona ni unyenyekevu.

Njiani Jemima alijikuna bega, akalalamika kwamba linamwasha tangu jana.

"Ni kidonda kinapona," Arlette alimwambia, akambeba mgongoni.

Delphin alifika mwisho, watu wamekwisha kutawanyika, kamba mpya mkononi. Akiwa bado langoni alipiga mluzi, ule anaompigia mbwa wake kila jioni akirudi kutoka kwenye mbao. Mbwa hakugeuza hata sikio.

Delphin akasogea. Akachuchumaa, akashika kichwa cha mbwa, akakigeuza huku na huku. Halafu akainuka polepole.

"Muzee," alisema, "imbwa yangu iko wapi?"

 Mzee Paluku alikuwa anatazama lenga-lenga.