Chupa ya Mama wa Bibi Harusi

Siku hizi ukinunua soda, unaweka rehani jina lako, na mpaka urudishe chupa dukani hakuna awezaye kulitaja wala kulikumbuka. Ndiyo maana jirani alifika kwa Bi Salhina akitweta, hina ya harusi bado mbichi viganjani.

"Shoga, hukuiona chupa yangu? Mwanangu anaolewa leo, na hakuna wa kuniita ukumbini."

Bi Salhina aliendelea kuchambua mchele. Aliyakumbuka matanga ya mumewe, jirani huyu alipomfichia chupa, watu wakampa pole kila mtu isipokuwa mjane.

"Kwani wewe nani vile?"

Jirani alimtazama, akajifunika kanga usoni, akaenda zake.

Chupa ilikuwa uvunguni, imejazwa mafuta ya nazi, imezibwa kwa kitambaa. Vigelegele vilipoanza ng'ambo ya ukuta, Bi Salhina aliipakata, akaigeukia picha ya marehemu.

"Bwana Kombo, leo nimemkomesha..."

Jina halikuja. Miaka arobaini ya ujirani, halikuja. Akaanza tena, taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma.